Sauti ya Mtoto wa Mtani

Nilizaliwa na mdomo wa kuiga. Kabla sijajua kusoma nilikuwa namwiga mwalimu wa chuoni anavyopiga chafya katikati ya aya, shangazi anavyokunywa uji wa moto, na mkunga wa mtaani anavyokwenda mbio huku anajifanya hana haraka. Sauti yangu ilikuwa nzito kuliko ya wasichana wenzangu, kwa hiyo wanaume niliwaweza zaidi. Baba, mtu wa Mikindani, alinichapa kwa tabia hiyo. Mama hakunichapa. Kwao mama, huko mashambani njia ya Ruvuma, mtoto ni wa ukoo wa mamaye, na kila ukoo una watani wake. Mdomo wa namna yangu huko una kazi.

Kazi yenyewe ni ya msibani. Mtu akifa, mtani ndiye anayepeleka habari kwa jamaa. Na mtani huyo huyo ndiye anayefunga kanga kiunoni, akaingia katikati ya waliofiwa, akamwiga marehemu: alivyocheka, alivyodai chakula, alivyojikuna mgongo kwenye kizingiti. Atanyakua kofia ya mtu na kudai ikombolewe. Watu hucheka, kisha hulia kuliko walivyokuwa wanalia mwanzo, na moyo unapata nafuu. Hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Akimaliza anapewa haki yake, kuku au nguo ya marehemu, anakwenda zake. Mimi nilifanya hivyo misiba mingi, na watu walinifuata mbali. Nilikuwa fundi. Nasema hivyo bila kujisifu, maana ufundi huo ndio ulioniponza.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa msaidizi wa ustawi wa jamii mjini Mtwara. Kabla ya hapo nilikuwa nafundisha kina mama kushona. Nikahamishiwa kwa watoto wa kesi na wazazi wao, na hakuna aliyenieleza nimwambie nini mama ambaye mwanawe amesimama mbele ya hakimu. Nikatumia nilichokuwa nacho, yaani mdomo.

Ndivyo nilivyompata yule mama wa Mahurunga. Nilimkuta kwenye benchi la mahakama amejifunika kanga mpaka machoni. Alikuwa mjane, mkulima wa muhogo na mikorosho michache. Mwanawe, kijana wa miaka kumi na mitano ambaye sauti ilikuwa imeshakuwa ya kiume, alivunja ghala la ushirika pamoja na wenzake wakatoka na gunia la korosho. Badala ya kukimbia, wakawasha moto palepale vichakani wakazikaanga. Moshi wa maganda ya korosho hauna siri. Mlinzi alikohoa, akafuata moshi, akawakuta wamekaa wanapuliza vidole.

Nilimuuliza mama yule kwao wapi, akanitajia ukoo. Nikapiga makofi.

"Kumbe nyie! Ukoo wenu hata kuiba hamjui! Mwizi gani anapika alichoiba mlangoni pa mwenye mali?"

Benchi zima likashtuka. Yeye akafunua uso, akanitazama, akacheka mpaka machozi. "N'tani wangu," akasema, "Mungu akulaani. Kumbe serikalini mpo na nyie?"

Kuanzia hapo tukawa watu. Siku zile za kesi alinieleza mambo ya mwanawe ambayo mama hamwambii ofisa. Kwamba kijana huyo hapigi hodi kwao, anasimama nje, anatoa kicheko kidogo cha puani, kisha anasema, "Mama weye, nimerudi na njaa ya watu wawili." Kwamba hata akigombezwa anacheka kwanza ndipo ajibu, na kicheko hicho ndicho kilichomuudhi hakimu. Nilikuwa nimeshakaa na kijana mwenyewe mahabusu, nikamsikia. Niliiweka sauti yake kichwani kama nilivyoweka za watu wengine wengi. Sikuwa na nia mbaya. Sauti za watu ziliniingia zenyewe.

Alipelekwa shule ya maadilisho, miaka mitatu, huko bara, safari ambayo mama yake asingeiweza. Kila mama yule alipopata lori la kumleta mjini alikuja ofisini kwangu kuniuliza. Nami nilimwambia hajambo, kwa sababu hajambo ndiyo habari niliyokuwa nayo. Muda wake ulipokaribia kwisha nilimpa maelekezo: mkuu wa shule anataka kujua nani atampokea. Asipopatikana jamaa wa kumpokea, kijana harudi Mahurunga. Atatafutiwa pa kukaa huko huko bara, na huenda asionekane tena. "Nenda ukakae na mjomba wake," nikamwambia. "Mkikubaliana, uje uniambie."

Wakati anakwenda kukaa na mjomba, mimi nikaingia kozi.

Ilifanyika hapo hapo mjini, katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Rahaleo, na ilikuwa ya kwanza ya aina yake kwetu. Tulikuwemo sisi wa ustawi, askari polisi, hakimu wa mahakama ya mwanzo, walimu, na katibu kata mmoja mwenye tumbo la heshima. Mkufunzi alitoka Dar es Salaam, kijana wa miwani minene, mpole, aliyeamini kila neno alilolisema. Alitufundisha kwamba mtoto wa kesi ana nyumba nyuma yake, na usipoijua nyumba hiyo hujamjua. Alitufundisha kumsikiliza mzazi bila kumkatiza. Askari akainua mkono: "Mwalimu, mimi nikimsikiliza mwizi bila kumkatiza, kituo kitafungwa saa ngapi?" Tukacheka, lakini nilikwenda nyumbani nikifikiri. Nilikuwa nimefanya kazi ile kwa kubahatisha, na sasa mtu ananionyesha kwamba ina njia zake. Niliipenda kozi ile. Nataka hilo lijulikane, maana ningeweza kusema kozi ndiyo mbaya, na si kweli.

Wiki ya mwisho mkufunzi akaleta maigizo. Kila mmoja achague mtoto anayemfahamu, aondoe jina, kisha awe mtoto huyo, na wenzake wajifunze kuzungumza naye. "Jina mliache nyumbani," alisema. "Tumlinde mtoto."

Nikaacha jina. Sikukumbuka kwamba Mahurunga mtu hamtambui mwenzake kwa jina. Anamtambua kwa kikohozi chake gizani.

Katibu kata ndiye aliyekuwa mama. Alijitanda kanga niliyomwazima, tumbo limetangulia, na ukumbi ukaanza kucheka kabla hatujasema lolote. Nilisimama mlangoni. Kicheko kidogo cha puani. "Mama weye, nimerudi na njaa ya watu wawili." Nilisikia ukumbi unanyamaza, nikajua nimepatia. Aliyesimama pale alikuwa kijana mzima, na mabega yake, na vidole vyake vilivyoungua mafuta ya maganda.

Ningeishia hapo. Lakini mpiga ngoma akishangiliwa haachi ngoma, nami nilikuwa nashangiliwa. Joto lilikuwa kali, madirisha yote wazi, watu wa mtaa wamejaa nje wanachungulia. Bila kufikiri nikachukua kanga ya pili nikaifunga kiunoni. Nikanyakua miwani ya mkufunzi, nikakimbia nayo ukumbi mzima kwa sauti ya yule kijana: "Lipa! Lipa kuku!" Watu wa kusini waliojua nafanya nini waliangua kicheko. Mkufunzi hakujua, naye akacheka, macho yake madogo bila miwani.

Mwalimu mmoja mtu mzima, wa vijiji vya huko huko, hakucheka. Aliniuliza, "Dada, huyo kijana yu hai?"

"Hajambo, Mwalimu. Anakula ugali wa serikali."

"Basi fungua hiyo kanga."

Nikaifungua, na moyoni nikasema wazee hawa wana mambo.

Tulipotoka kunywa chai tukakuta kikapu barazani chini ya dirisha, kimefunikwa jani la mgomba. Ndani korosho zilizobanguliwa vizuri, nyeupe, nzima nzima. Hakikuwa na mwenyewe. Tuliuliza mara moja, kisha tukakaa tukazila na chai ya rangi. Mimi nilikula kuliko wote, maana ndimi niliyepongezwa. Nikasema aliyezibangua hizi ana mkono mwepesi.

Kesho yake tarishi wa ofisi yetu alipita ukumbini. "Yule mama yako wa Mahurunga mlionana? Alikuja na kikapu. Nikamwelekeza huku, nikamwambia asubiri barazani mpaka mmalize."

Nilijua hapo hapo. Lakini binadamu hakosi pa kujificha: nikajiambia labda alichoka kusubiri akaondoka mapema, labda hakufika dirishani. Jioni ya siku iliyofuata tarishi akarudi tena, safari hii amekasirika. "Kumbe umetuficha. Watu wa lori wanasema Mahurunga kuna msiba. Kijana kafia huko shuleni, nanyi ofisini hamsemi?"

Msomaji wa leo atashangaa: mbona mama yule hakuuliza tu? Lakini ajue siku zile tulikuwaje. Ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na vita. Usiku mizinga ilisikika, na vijana waliovuka mto kwenda kutafuta jamaa zao hawakurudi. Habari zao zililetwa kwa mdomo, maiti hazikuonekana, na watu waliomboleza hivyo hivyo. Na serikali, kwa mama kama yule, haikuwa kitu cha kuulizwa. Yeye alichoona dirishani kilitosha. Alimwona mtani wake amefunga kanga kiunoni, anamwiga mwanawe, anadai haki yake mbele za watu. Tangu azaliwe, jambo hilo lilikuwa na maana moja tu.

Landrova ya ofisi ilikuwa uani, ina mafuta. Dereva alikuwepo. Ningeomba ruhusa ningepewa, na kabla ya Isha ningekuwa Mahurunga. Lakini kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya vyeti, na mkuu wa wilaya alikuwa anakuja kuvitoa mwenyewe. Sikuwahi kupata cheti maishani mwangu. Nikajiambia: msiba umeshakaliwa, siku moja zaidi haitamuua mtu.

Nimelisema neno hilo moyoni mara nyingi tangu wakati huo, na kila mara linanuka. Kuigiza niliigiza bila kujua, na Mungu huenda akanisamehe. Kubaki nilibaki huku najua. Wakati mama wa watu analia kijiji kizima kikisikia, mimi nilikuwa napiga pasi sare. Nilisimama mstarini, nikapewa mkono na mkuu wa wilaya, nikapigwa picha. Mkufunzi katika hotuba yake alisema yuko mwenzetu mmoja aliyetuonyesha maana ya kukaa alipokaa mtoto. Watu wakanigeukia wakipiga makofi. Nikainamisha kichwa, wao wakadhani ni unyenyekevu.

Nilifika Mahurunga siku ya pili yake. Matanga yalikuwa yameshaondolewa. Uani palifagiwa, sufuria za kuazima zimepangwa tayari kurudishwa kwa wenyewe. Mama yule alitoka ndani, amekonda uso, hakunionyesha hasira hata kidogo. Hilo ndilo lililonimaliza.

"N'tani, umechelewa," alisema. "Watu wameshakula, wameondoka. Lakini haki yako nimekuwekea."

Akaingia ndani akatoka na shati la mwanawe, la buluu, limefuliwa na kukunjwa. Akaninyooshea kwa mikono miwili.

Sikulipokea. Nilipiga magoti nikamwambia yote, mbio mbio, maneno yakigongana: kijana yu hai, ni mchezo, ni kozi, tulikuwa tunajifunza. Nilisikia jinsi yanavyosikika. Mjomba wa kijana, kaka mkubwa wa mama, alikuwa ameketi kwenye kigoda akisuka ungo. Akauweka chini.

"Mlikuwa mnajifunza nini?" aliuliza.

"Kuwasaidia watoto kama huyu, mjomba. Na wazazi wao."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyejibiwa. Mama yeye hakuamini. Alisema mwaka wa kwanza nilimwambia hajambo, na mwaka wa pili hajambo, na yeye alirudi nyumbani akalala. "Halafu nikakuona kwa macho yangu, kanga kiunoni. Sasa unasema hajambo tena. Nikuamini ya lini? Shehe ameshamsalia. Nguo zake nyingine wamechukua walionisaidia kulia. Mimi n'toto wa kumpokea sina."

"Mama, usiposema unampokea, hawatamrudisha huku. Watampeleka kwingine."

"Wewe uliyemzika," alisema, "wewe um'fukue."

Akaingia ndani. Mjomba alinisindikiza mpaka kwenye gari. Alisema chumba cha kijana alikuwa ameshakikandika udongo, na habari hiyo ndiyo dada yake aliyokuja kunipa siku ile, pamoja na kikapu cha kunishukuru. "Waambie mjomba yake anamsubiri. Huyu mwache nami." Halafu akaliweka lile shati juu ya kiti cha nyuma. Kilichotolewa kwa mtani, alisema, hakirudi ndani.

Njia nzima mpaka mjini nilikuwa na ladha ya korosho mdomoni.

Niliomba nikamchukue mwenyewe. Ofisini walidhani ni bidii ya cheti kipya, wakanisifu. Nilimkuta kijana amerefuka, ana mikono ya fundi seremala, na kile kicheko cha puani bado kipo. Nilipokisikia nilitaka kuziba masikio. Tulisafiri kwa basi, kwa lori, tukalala njiani. Nilimwambia tukiwa tumekaa juu ya magunia, upepo unatupiga, kwa sababu nilitaka asiuone uso wangu vizuri. Alicheka kwanza, kama kawaida yake. Kisha akaanza kuchomoa nyuzi za gunia alilolikalia.

"Walikuja wengi?" aliuliza baadaye.

"Nimeambiwa walikuja wengi."

"Na shati langu la buluu kapewa nani?"

Nikafungua mkoba nikampa. Halikumtosha, mikono iliishia karibu na viwiko. Alilivaa hivyo hivyo.

Tulifika Mahurunga alasiri. Mjomba alikuwa shambani, watoto wakakimbia kumwita. Ndani ya nyumba mchi ulikuwa unatwanga, muhogo mkavu, pigo kwa pigo. Nilimwambia kijana apige hodi, nikiwaza mama asishtuke. Lakini hakuwahi kupiga hodi kwao maishani. Alisimama nje, akatoa kicheko chake.

"Mama weye, nimerudi na njaa ya watu wawili."

Mchi ukanyamaza.

"N'tani." Sauti ilitoka ndani, imechoka, haina ugomvi. "N'tani wangu, basi. Umeshaniliza vya kutosha."

Kijana akanigeukia. Nilitaka kumwita mama yule, nimwambie si mimi, na nikashindwa, maana ningemwita kwa mdomo huu huu. Akasema tena, safari hii bila kicheko, "Mama."

"Nimesema basi! Kwani mimi nilikukosea nini?"

Mjomba akatokea nyuma yetu na jembe begani. Alimtazama kijana kuanzia miguuni mpaka kichwani, akamshika mkono wa shati lililombana. Kisha akapaza sauti: "Dada, toka nje."

Alitoka. Mikono yake ilikuwa na unga mpaka viwikoni. Mwanawe alikuwa amesimama mbele yake, mrefu, karibu kiasi cha kumgusa, lakini mama hakumtazama. Alinitazama mimi, na hakunitazama usoni. Alikuwa ananitazama mdomoni.

"Haya, sema tena," alisema.

Alikuwa anamwambia mwanawe, macho yake yako kwangu. Nikaufumba mdomo, nikaufunika kwa viganja viwili ili aone, na nikabaki hivyo mpaka kijana alipomaliza kusema.